Mwache Egesa Atembee

Nabwire, mama,

Habari za mtungi wa gesi, za kufunga mlango mara mbili na za kutompa mtu usiyemjua mizigo yako stendi, mama yako amekueleza tangu juzi, nami sitazirudia. Nimekaa hapa barazani, jua linashuka upande wa Uganda, na ninakuandikia kwa sababu nikikuita tuongee nitapandisha sauti, na nyumba imejaa wageni waliokuja kukuaga. Nina hasira. Wewe hujanikosea kitu. Lakini hasira ninayo, na kesho unaondoka kwenda Kitale, na sitaki uondoke kabla hujajua nimemkasirikia nani.

Jana ulirudi kutoka soko la Busia umembeba Egesa kiunoni, mkono wa pili una mfuko wa sukuma na nyanya, jasho linakutiririka mpaka kidevuni. Mtoto wa miaka miwili na nusu, mzito kama debe la mahindi. Ulimweka chini mlangoni ukaingia chumbani bila kunisalimu. Nilidhani umechoka tu. Baadaye mama yako akaniambia. Kumbe mlikuwa mkitembea vizuri, wewe na mwanao, polepole, yeye akisimama kuangalia kila kitu kama kawaida yake. Akachoka, akakaa chini katikati ya njia, akainua mikono. Ukachuchumaa, ukamwambia mpumzike halafu mwendelee. Na mwanamke mwenye meza ya nyanya, ambaye hajui hata jina lako, akasema watu wote wasikie: "Dada, huyo mtoto umemwokota wapi? Si umbebe." Mtu wa boda aliyekuwa ameegesha hapo naye akaongeza kwamba wasichana wa siku hizi wanajua kuzaa, kubeba hawajui.

Ukainama ukambeba.

Halafu jioni, tukila, shangazi yako Taaka akapata nafasi aliyokuwa akiitafuta tangu upate hiyo kazi ya maabara. Akasema, "Mnaona? Kama Busia hapa anashindwa, huko Kitale ambako hana mtu itakuwaje? Nabwire, mwache mtoto kwa mama yako. Hapa atabebwa. Wewe nenda ufanye kazi, ukipata likizo unakuja kumwona." Mama yako akatikisa kichwa kukubali. Nilikuangalia. Ulikuwa unakata ugali vipande vidogo vidogo bila kula. Ukasema, "Labda."

Hilo "labda" ndilo lililonikalisha hapa na kalamu. Babake Egesa alivuka ng'ambo kutafuta kazi akanyamaza, na wewe ukamlea huyu mtoto peke yako huku ukisoma, ukamnyonyesha na vitabu magotini. Leo uambiwe humwezi kwa sababu mwuza nyanya amekuona ukimsubiri apumzike? Kuna jambo lilitupata mimi na wewe Malaba ulipokuwa na umri wake. Umewahi kusikia vipande vyake watu wakicheka kwenye matanga na harusi. Hujawahi kulisikia lote, na wanaolisimulia hawakuwepo.

Wakati huo nilikuwa fundi wa maturubai. Unajua jinsi trela zinavyopanga foleni Malaba zikisubiri kuvuka. Turubai likipasuka na mvua iko karibu, dereva hana raha, mzigo ni sukari au saruji. Ananiita, napanda juu ya mzigo na sindano ya gunia na uzi wa nailoni, nashona nikiwa nimepiga magoti juu huko kama mtu anayesali. Nilikodi chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Mama yako alikuwa na mimba ya Ouma, na mimba ile ilimsumbua. Daktari akasema alale, asiinue kitu, asitembee, mpaka mtoto azaliwe. Tukampeleka Namboboto kwa mama yake, kukhu yako, apate wa kumwangalia.

Wewe ulikuwa tayari uko huko. Kukhu alikuchukua ulipoachishwa ziwa, ulikuwa mjukuu wake wa kwanza, na sijawahi kuona mtoto aliyependwa kwa mgongo kama wewe. Alikufunga leso akaenda nawe shambani, kisimani, kanisani, kwa majirani. Uani ulikimbia kama kifaranga. Lakini ukifika tu kwenye ua wa miti, pale njia inapoanzia, ulisimama, mikono juu: "Beba." Na kukhu akabeba. Sasa ana mgonjwa kitandani, ana shamba, ana kuku, na wewe unalilia mgongo wake kutwa. Nilipokwenda kuwasalimu nikamkuta amekaa kwenye ngazi ameshika kiuno, wewe umemning'inia shingoni. Nikasema nitakuchukua.

Mjomba wako alikuwa hapo akicheka. "Wandera, utafanya nini na mtoto wa kike huko kwa malori?"

Nikamwambia, "Nitafanya kazi ya baba."

Kusema kweli sikujua hiyo kazi ni ipi. Nilijua tu kwamba mimi na wewe tulikuwa na njia moja ya kwenda kila asubuhi, kutoka chumbani mpaka kibanda cha chai cha Mama Akinyi, jirani yangu, aliyekubali kukuangalia nikiwa juu ya malori. Kwa mtu mzima si mbali. Unaweza kununua chai pale ukaifikisha nyumbani ikiwa bado moto. Lakini mimi nilikuwa na turubai la viraka begani na mfuko wa vifaa mkononi. Mgongo wa kukubeba sikuwa nao. Ilibidi utembee.

Ukakataa. Nilikushika mkono nikakuvuta, ukalegeza magoti ukawa kama gunia lililomwagika nusu. Nilikuahidi mandazi ya pale mbele; siku ya kwanza ulitembea, ukala, ukakaa chini, na tangu hapo ulitaka mandazi kwanza. Halafu nikafanya kile ambacho watu wote waliniambia nifanye. "Jifanye unaenda. Atakufuata." Nikasema kwaheri, nikatembea, nikajificha nyuma ya tairi la trela. Hukunifuata. Ulikaa palepale. Nilikusikia ukilia, nikasubiri, nikajiambia sasa hivi atainuka. Tanboi mmoja, msaidizi wa dereva, aliyekuwa akiosha kioo cha lori akaniangalia kutoka kule juu akasema, "Mzee, huyo halii abebwe tena. Analia amepotea."

Nilitoka pale nyuma ya tairi mbio. Usimfanyie Egesa hivyo hata siku moja, hata aje kukushauri nani. Mtoto akishajua kwamba unaweza kwenda, atakushika shingo mara mbili zaidi, na ana haki.

Kilichonisaidia nilikipata bila kukitafuta. Siku moja kamba ya mzigo wangu ilifunguka, nikachuchumaa kuifunga, uso wangu ukawa sawasawa na wako. Nikaangalia mbele. Nabwire, sikuona barabara. Niliona matairi yanayonizidi urefu, moshi wa dizeli unaotoka usawa wa pua, miguu ya watu inakuja bila vichwa, na pikipiki zinapita katikati kama nyuki. Nikakaa hapo chini kidogo. Mimi nilikuwa nimekuita mvivu. Mjomba wako alikuita mdekevu. Nani asingetaka kubebwa kutoka mahali kama pale?

Kesho yake tukapita njia ya nyuma ya maduka, iliyokuwa na majani na mbuzi waliofungwa. Tulitoka mapema kuliko kawaida ili nisiwe na haraka. Nilikupa bonge la uzi wa nailoni ulibebe wewe, nikakuambia fundi hawezi kushona kama halijafika. Ulilishika kwa mikono miwili, kwa hiyo ya kuinua haikubaki. Ulitembea mpaka kwa mbuzi. Tukakaa. Ukatembea mpaka kwenye mfereji ambapo wanawake walikuwa wakichota maji. Tukakaa tena. Mimi nilikuwa nyuma yako, si mbele, na hilo nalo nilikuja kuona lina maana, kwa sababu mtu wa mbele unamfuata na mtu wa nyuma unamwongoza. Ilituchukua muda mrefu. Mama Akinyi akauliza kama tumetoka Nambale kwa miguu. Lakini ulifika na uzi wako, na ulimwonyesha kila mteja.

Tukaendelea hivyo. Siku nyingine vizuri, nyingine ulikaa kwa mbuzi ukakataa kuinuka mpaka nikakubeba pamoja na turubai, nikifika nimeloa jasho mpaka mshipi. Sijasema ilikuwa rahisi. Nasema ilikuwa inaenda.

Halafu ikanyesha mvua kubwa, njia ya nyuma ikawa matope ya magotini, na ikatubidi tupite barabara kuu. Tulifika karibu na lango la uwanja wa trela. Honi moja ikalia karibu yetu, ukashtuka, ukakaa chini kando ya mtaro, ukaangusha uzi, ukaanza. "Beba. Beba. Beba." Nikaweka turubai chini. Nikachuchumaa kati yako na barabara. Nikakuambia, "Tupumzike. Hayo malori yapite, halafu tutaenda." Sikukupigia kelele. Nilikuwa nimekwisha kujua kelele hazisaidii.

Mama mmoja mwenye mwavuli akasimama. "Baba, mtoto analia."

"Namsikia, mama."

"Si umbebe?"

"Anapumzika. Atainuka."

Akaniangalia, akaangalia turubai, akaangalia nguo zako, ambazo nilikuwa nimekuvisha mwenyewe, nyuma mbele. Muuzaji mmoja kutoka ng'ambo aliyekuwa amejitwisha ndizi akasimama pia. "Ssebo, bwana, mama wa mtoto ako wapi?"

"Yuko Namboboto."

"Mama ako Namboboto na mtoto ako Malaba?" Akageukia wenzake. Walikuwa tayari wengi. Unajua Malaba; mtu akisimama kuangalia kitu, wa pili anasimama kumwangalia yule wa kwanza.

Mwanamume mwenye koti la kijivu akaja mbele kama aliyetumwa. "Boss, huyu mtoto ni wako?"

"Ni wangu."

"Mbona unaogopa kumshika?"

Nifikirie mimi hapo, mama. Nimeacha kukushika kwa sababu nakusubiri, na huko kusubiri ndiko kumekuwa ushahidi. Akainama akakuuliza, "Baby, huyu ni nani?" Na wewe ulikuwa umenikasirikia. Ukaweka kidole gumba mdomoni, ukanitazama, ukanyamaza. Sikulaumu. Ungekuwa mkubwa ungesema hunijui kabisa.

Hapo ndipo nikasikia neno lile nyuma ya umati, na baada ya neno lile mambo ya mpakani huwa hayana mjadala. Mtu alisema, "Ni wa kuibwa huyo." Mama wa mwavuli akakunyakua. Nikashika mkono wako, mtu akanipiga kwenye kiwiko, mwingine akashika kola yangu. Simu hazikuwa mikononi mwa kila mtu siku hizo. Sikuwa na wa kumpigia. Nilisema jina lako, jina la mama yako, jina la kukhu yako na la kijiji chake. Kila nilichosema walikisikia kama uongo wa mtu aliyejiandaa. Kijana mmoja alikuwa amekwisha kuokota jiwe. Nililiona. Lilikuwa la kokoto za barabara, jeusi, na alikuwa analipima mkononi.

Ni Mama Akinyi aliyetuokoa na jiwe, kwa sababu mtu alikimbia kumwambia, naye akaja na aproni yake akapiga kelele kwamba ananijua. Walimsikiliza nusu. Wakasema basi twende kwa polisi ijulikane. Tukaenda, mimi nimeshikwa mbele na nyuma, wewe umebebwa juu na mwanamke usiyemjua, unalia kilio ambacho sijakisikia tena kwako.

Kituoni alikuwa afande mwanamke, mtu mzima, anakunywa chai. Walisema wote kwa pamoja. Alisubiri wamalize. Mwenye koti alieleza kwamba mimi nilikuwa nimemtupa mtoto kando ya mtaro. Mama wa mwavuli alieleza kwamba amemwokoa. Amekushika kwa nguvu kweli, mkono mmoja nyuma ya magoti yako, mwingine kifuani. Ukaacha kulia. Ukasema, "Shusha."

Hakuna aliyekusikia ila mimi. Sikuwahi kukusikia ukisema neno hilo. Tangu nikutoe Namboboto ulikuwa na neno moja tu la barabarani, na halikuwa hilo.

"Shusha," ukasema tena, na safari hii ukamsukuma kifua kwa viganja vyako.

"Tulia mtoto," mama wa mwavuli akasema, akakupandisha juu zaidi.

Afande akaweka kikombe. "Mama, mtoto amesema umshushe."

"Lakini afande, huyu mwanaume..."

"Mshushe."

Akakushusha. Ulisimama pale sakafuni na viatu vyako vya plastiki vyenye matope, ukatazama miguu ya watu wote wale, ile miguu isiyo na vichwa. Nilitaka kukuita. Afande akaniinulia kidole ninyamaze. Ukatembea. Ulipita kati ya yule wa koti na yule wa ndizi, ukafika kwangu, ukashika suruali yangu hapa juu ya goti. Nikainama haraka nikubebe, mama, kwa sababu mimi mwenyewe sasa ndiye niliyetaka. Ukarudisha mikono nyuma.

"Baba," ukasema, "twende."

Na ukaenda. Ulitangulia kutoka mlangoni, ukashuka ngazi za kituo kwa makalio, moja moja, umati wote nyuma yetu, ukatembea mpaka kwa Mama Akinyi kwa barabara ile ile ya malori. Nilikuwa kando yako upande wa magari. Hukuinua mikono. Sijui ulikuwa unafikiria nini. Nadhani ulikuwa umebebwa vya kukutosha.

Sasa nikuambie kinachonichoma hadi leo. Hakuna aliyeomba msamaha. Mwenye koti alitikisa mabega akaenda zake. Kijana wa jiwe hata sikumwona tena. Mama wa mwavuli alitupita njiani, akasema, na alisema kwa upole kama mtu anayetoa ushauri, "Si ungembeba tu tangu mwanzo, haya yote yasingetokea." Jibu nimelipata baadaye na nimelibeba miaka yote hii: mwizi wa mtoto hasubiri. Kama ningekuwa nimekuiba ningekuweka begani, nikakufunika leso, nikavuka nawe mpaka Tororo, na watu wale wale wangenipisha njia wakisema tazama baba mwema. Walimshuku mtu aliyekaa chini na mtoto wake kwa sababu hawajawahi kuona mwanamume akifanya hivyo, na badala ya kujiuliza kwa nini hawajawahi kuona, wakaokota jiwe.

Habari ilifika Namboboto kabla ya jua kutua kesho yake, imekua njiani kama kawaida. Mjomba wako akaja kukuchukua. Alitukuta kwenye njia ya nyuma, imeanza kukauka, wewe mbele na bonge la uzi, mimi nyuma na turubai. Akasema wamekaa wameamua, mwanaume hawezi, mtoto atarudi kwa bibi yake. Akakunyoshea mikono. Ukampita. Akaja mbele yako tena akainama, ukazunguka upande wa pili wa mbuzi. Alikufuata hivyo mpaka kwa Mama Akinyi, mtu mzima na koti lake la safari, akiruka madimbwi, na wanawake wa mferejini wakicheka. Alipofika alikaa kwenye benchi akaagiza chai. Alikunywa yote. Mwisho akaniuliza, "Anatembea hivyo kila siku?"

"Siku nyingine anakaa."

"Akikaa unafanya nini?"

"Nami nakaa."

Alirudi Namboboto peke yake. Akawaambia mtoto yuko sawa na wamwache fundi. Ouma alipozaliwa nilikupeleka ukamwone, na kutoka barabarani mpaka kwenye ua wa miti ulikwenda kwa miguu yako. Kukhu yako alisimama mlangoni na leso mkononi, tayari ameikunjua. Alifurahi, na alihuzunika pia, nami niliona yote mawili. Kwa hiyo usiwachukie wanaotaka kumbeba Egesa. Kukhu hakukosea kukupenda. Mwuza nyanya ndiye aliyekosea, na shangazi yako, na mimi siku ile nyuma ya tairi: tuliona mtoto amekaa chini tukadhani lazima kuna mtu wa kulaumiwa.

Huko Kitale utatoka asubuhi na Egesa kumpeleka kwa mlezi kabla ya kazi. Atakaa chini. Atakaa mbele ya watu waliovaa vizuri, siku ambayo umechelewa, na mtu atasema neno. Siku hizi wana simu, watakupiga picha pia. Sina dawa ya maneno yao. Ninachojua ni kwamba ukimbeba kwa sababu ya maneno yao, yeye anajifunza kwamba watu wakisema, mama anainama. Chuchumaa uangalie anachokiona yeye. Mara nyingi kuna kitu. Kama ni barabara mbaya, badilisha barabara. Kama amechoka kweli, mbebe, na usimwonee aibu mtu yeyote kwa hilo pia. Mtoto aliyechoka, mgongo ni haki yake. Utakosea kuona tofauti. Mimi nilikosea siku nyingi, tukafika tu.

Leo mchana, mkiwa mnafunga mizigo, nilimchukua Egesa tukaenda kwa kinyozi. Hukujua, ulidhani yuko na wageni. Alitembea. Alisimama kwa kila pikipiki akaisalimu. Alikaa chini mara kadhaa, nami nikakaa, magoti yangu yakilia kuliko yeye. Mwanamke mmoja akasema, "Mzee, si umbebe huyo mjukuu?" Nikamwambia, "Mama, endelea na safari yako, sisi tuko katika yetu." Sikumtukana. Nilijivunia hilo. Kurudi, alifika kwenye kanisa akasinzia amesimama, nikambeba mgongoni mpaka nyumbani, na sikuona haja ya kumweleza mtu.

Mama yako alikuwa langoni akituangalia tangu mbali. Akaniuliza, "Umembeba kutoka kwa kinyozi?"

"Kutoka kanisani."

"Na kwenda?"

"Alikwenda mwenyewe."

Alimpokea, akamlaza, akakaa kitandani pembeni yake kwa muda. Mama yako alikuwa mgonjwa wakati wa Malaba. Mambo yale aliyasikia akiwa amelala chali, haruhusiwi kuinuka, na nadhani tangu siku hiyo anaogopa mtoto akiwa mbali naye na barabara ikiwa katikati. Hajawahi kusema. Mimi ndiye ninayeona.

Nitakuambia alichofanya, kwa sababu yeye hatakuambia. Asubuhi, wakati ulipokwenda kuoga, alikuwa amezitoa nguo za Egesa zote kwenye begi lako akazirudisha kabatini. Aliamua kwa niaba yako, yeye na Taaka. Sasa hivi nimemwona kupitia dirishani akizikunja upya moja moja. Amezirudisha ndani ya begi, chini ya shuka zako, na juu yake ameweka ile sweta ya bluu aliyoifuma, kwa sababu Kitale kuna baridi. Viatu vya mtoto hakuvifungia. Ameviweka nje ya begi, karibu na mlango, apate kuvivaa kesho.

Baba yako,
Wandera